Barua ya wazi kwa viongozi wetu wa Pangani: daraja lije, na mto mtuachie

Kwenu Waheshimiwa viongozi wa Wilaya ya Pangani, madiwani wa Halmashauri yetu, na ninyi nyote mlio na dhamana ya barabara, vivuko, ardhi, uvuvi na mambo ya kale katika Mkoa wa Tanga.

Yah: Mji wa Pangani baada ya daraja

Assalam aleikum, na shikamooni kwa mnaostahiki.

Sipingi daraja. Nalisema mapema, maana kwetu mtu akiuliza swali juu ya maendeleo huitwa mpinga maendeleo kabla hajashusha pumzi. Daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani, barabara unganishi za kilomita 14.3, na barabara ya kilomita 256 ya kutuunganisha na Tanga upande mmoja, Saadani na Bagamoyo upande wa pili: hayo waliyaomba wazee wetu kabla yetu. Mgonjwa anayetoka Mkwaja usiku, akafika Bweni, ukingo wa kusini wa mto, akakuta pantoni imelala ng'ambo, haambiwi uzuri wa mto. Mwenye lori la nazi aliyekwama kwenye tope la masika hana hamu ya kusikia habari za mji mtulivu. Kwa hiyo lije, tena liwahi.

Ninachouliza ni kwamba mji wenyewe mmeupangia nini. Hadi sasa kila apitaye pwani hii husimama Pangani, kwa kuwa mto humsimamisha. Akisimama hunywa chai, hununua samaki, huacha hela. Siku magari yatakapopita juu, hakuna kitakachomlazimisha mtu kushuka. Wakati huohuo wenye fedha watatufikia kwa urahisi, na watapataka palepale tunapopategemea sisi, yaani ukingo wa mto na ufuo. Tutapungukiwa na wapita njia, tutaongezewa wanunuzi wa viwanja. Habari za lami, nondo na fidia nimezisikia sana. Habari za nani atakuwa na haki gani ukingoni mwa mto, hapa mjini, bado nazingoja.

Nawaandikia kwa sababu nahisi baadhi yenu mnaujua mji huu kwa saa za ofisi tu. Mgeni wa kikazi huingia saa nne asubuhi, anakuta mtaa wa Uhindini una paka wawili na mzee mmoja kibarazani, anasema mji umelala. Saa nne! Saa nne watu wa Pangani wameshamaliza nusu ya siku yao.

Hapa shughuli huenda kwa maji. Kujaa na kupwa husogea karibu saa nzima kila siku, kwa hiyo pilikapilika za bandarini zilizokuwa alfajiri wiki hii, wiki ijayo mtazikuta adhuhuri. Bamvua likija, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda hadi kwenye ukuta wa mto, kisha hutoka yote matope ya mikoko yakabaki wazi. Chombo kilichochelewa hungoja nje, kwa kuwa mlangoni mwa mto kuna mafungu ya mchanga na nahodha mwenye akili habahatishi. Maji yakishatoka, mashua zilizoegeshwa hukaa kavu, na mafundi hupata muda wa kuzikalafati, yaani kuziba nyufa zake, upande wa chini kabla maji hayajarudi. Wengine huwa mwambani na vijiti vyao wakisaka pweza. Maji mafu yakiingia, mambo hupoa.

Kisha kuna usiku. Dagaa hufuatwa usiku wa giza, kwa taa, na ukisimama ufukweni utaona bahari imewashwa toka upande huu hadi ule. Mwezi ukiwaka, wavuvi wa dagaa hupumzika. Ndizo siku utakazowakuta chini ya mti wakishona nyavu na kubishana mpira. Kipumbwi, kusini yetu, wanawake huchemsha dagaa hao na kuwaanika, na kazi hiyo huanza saa ambayo karani bado yuko ndotoni. Wakati wa kusi, bahari ya nje inapochafuka, ngalawa hazivuki mwamba. Kaskazi ikishika, watu hutoka nje kufuata nguru na jodari. Mfuko wa mji mzima hujaa na kupwa kwa upepo huo. Duka la vitenge linajua, mwalimu anayengoja mchango wa chakula shuleni anajua, na anayedai kodi ya nyumba anajua zaidi.

Katikati ya hayo kuna vitumbua na mihogo ya nazi inayoiva kabla ya jua, watoto wanaokwenda chuoni na juzuu zao, mkwezi na kamba yake begani, kijana wa madafu na baiskeli, bao baada ya alasiri, kahawa chungu na kashata baada ya magharibi. Nisiendelee, mtasema naandika tangazo la watalii. Ninachotaka mkijue ni kwamba ukimya mnaoukuta mchana ni wa watu waliochoka kihalali, na kila nilichokitaja kinahitaji mahali pake, mahali hasa, penye mipaka unayoweza kuichora kwenye ramani. Pakiondoka, kazi yenyewe imekwenda.

Sasa nije kwenye pantoni.

MV Tanga hubeba magari, sawa. Lakini kaeni gatini asubuhi moja mtazame wanaoshuka. Tarafa za kusini, Mwera na Mkwaja, mahitaji yao yako mjini: hospitali ya wilaya, ofisi za halmashauri, soko. Mama wa Bweni mwenye beseni la samaki kichwani huvuka kwa dakika chache, akauza, akanunua unga na sabuni, akarudi kabla ya adhuhuri. Mwanafunzi huvuka na daftari zake. Mwenye baiskeli ya mkaa huvuka, tena huyo mkaa mwenyewe una maswali yake, lakini si leo. Mkiwaondolea kivuko mkawaambia njia ni darajani, mmewapa mzunguko wa kilomita na nauli ya bodaboda, kwenda na kurudi, kwa jambo walilokuwa wakilifanya kwa miguu yao. Mwenye gari hatauona mzunguko huo. Mwenye beseni ataulipia kila siku, na faida ya beseni moja haibebi bodaboda mbili.

Msiniambie kwamba daraja na kivuko havikai pamoja. Daraja la Nyerere pale Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, na pantoni za Magogoni zinaendelea kujaza watu, kwa sababu mtembea kwa miguu ana njia yake na gari lina njia yake. Mfano wa upande mwingine upo pia. Waulizeni waliosafiri kwenda Kilwa na Lindi kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Ndundu, kwenye pantoni ya Mto Rufiji, palikuwa mahali pa kushuka, kula, kulala inapobidi, na kulalamika. Siku hizi basi linauvuka Rufiji abiria wamesinzia. Hakuna anayetamani foleni ile irudi, mimi pia siitamani. Lakini waliokuwa wakiishi kwa foleni ile sidhani kama kuna aliyekaa nao kitako mapema akawauliza watakula nini.

Hivyo ombi langu la kwanza, na ndilo kubwa: kabla daraja halijafunguliwa, itangazwe kwa maandishi kwamba kivuko cha watu kati ya Pangani na Bweni kitabaki. Si lazima kiwe kikubwa. Boti ya abiria yenye majaketi ya kuokolea ya kutosha, ratiba inayoanza alfajiri, na nauli ambayo mwanafunzi anaimudu, inatosha. Msipofanya hivyo, watu hawataacha kuvuka. Watavuka kwa mitumbwi, maji yakitoka kwa kasi na mto ukiwa na mamba, na siku ya msiba mtaunda tume.

La pili ni mahali pa kushushia samaki. Nimeona katika miji mingi ya pwani soko la samaki likijengwa zuri, vigae vyeupe, bango kubwa, mita mia kadhaa kutoka majini. Baada ya muda mnada unaendelea palepale mchangani na lile jengo linafugia popo. Samaki hushuka chombo kinapofunga, na chombo hufunga maji yanapokiruhusu. Mkitaka kuwasaidia wavuvi wa Pangani, wawekeeni walipo: kivuli, maji safi ya bomba, barafu, choo, na taa kwa wanaofika usiku. Kisha ukingo huo uandikwe kwenye mpango wa mji kuwa ni wa wavuvi, wa mafundi wa mashua na wa wachuuzi, wala usigawiwe kwa yeyote, hata kama atakuja na mchoro wenye bustani na viti vya kupumzikia.

Hapo kuna jambo jingine ambalo lami italileta. Magari ya barafu kutoka Tanga na hata Dar es Salaam yatafika mnadani kwa saa chache. Nahodha atafurahi, bei itapanda, na ni haki yake. Hakuna aliyeota magamba mikononi kwa raha. Atakayeumia ni mama anayenunua fungu la changu au tasi, akawakaanga, akawauza jioni kwa anayerudi shambani. Yeye hawezi kushindana na mwenye gari. Na akiondoka yeye, mji wa wavuvi utaanza kula samaki wa kwenye makopo, jambo ambalo limeshatokea kwingine na halichekeshi. Naomba BMU, yaani kikundi cha wananchi cha kusimamia uvuvi ufukweni, na Halmashauri wakae waamue, kwa mfano, kwamba sehemu fulani ya kila mnada inauzwa kwanza kwa wachuuzi wa mji, kwa mafungu. Mtaniambia soko ni huria. Ni kweli, ila ushuru wake tunaulipa wote kwenye dirisha moja, kwa hiyo na utaratibu wake tunaweza kuupanga pamoja.

Majengo. Hapa sina haja ya kusema mengi, kwa kuwa mengi yameshasemwa na kuta zinaendelea kuanguka. Mwaka 1888, kampuni ya Wajerumani ilipotaka kupandisha bendera yake hapa na kushika ushuru, watu wa Pangani walikataa, na vita vikaenea pwani. Tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri bin Salim, kiongozi wa vita hivyo, alinyongwa hapahapa Pangani. Tuna kata inayoitwa Bushiri. Tuna Boma la zamani, tuna nyumba za Uhindini zenye roshani na milango ya kuchonga. Anayetaka kujua pwani hii ilipitia nini, sehemu ya ushahidi iko kwenye mawe haya.

Tatizo ni kwamba mawe haya yanatibiwa kwa dawa isiyo yake. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Unyevu ukiingia hutafuta njia ukatoka. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu wa chumvi hunaswa ndani, boriti za mikoko zinaoza kimyakimya, na baada ya masika machache plasta inabanduka pamoja na kipande cha ukuta. Mwenye nyumba anajiona amekarabati, kumbe amezika. Sheria ya Mambo ya Kale tunayo tangu 1964. Kinachohitajika ni vitu vidogo: orodha ya majengo yasiyoguswa bila kibali, ibandikwe hadharani, vijana wachache wafundishwe kuchoma na kuchanganya chokaa wakati mafundi wazee bado wapo, na mwenye nyumba maskini asiachiwe mzigo wa historia ya taifa peke yake. Na milango ilindwe. Mlango wa kuchonga ukishapanda lori, haurudi.

Upande wa ardhi ya kusini ya mto nitasema wazi zaidi, kwa kuwa ndiko macho ya wanunuzi yanakoelekea: Ushongo, Kipumbwi, Sange na kuendelea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari na kingo za mito. Ni sheria nzuri. Naomba tu itumike kwa usawa, isiwe inamwondoa mwenye banda la makuti na kumpigia saluti mwenye ukuta wa zege. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaupa mkutano wa kijiji nafasi yake katika ugawaji wa ardhi. Basi mkutano uwe mkutano, wenye wavuvi na wanawake ndani, si saini zilizokusanywa nyumba kwa nyumba. Kila njia ambayo watu wanapita kwenda baharini leo ichorwe kwenye ramani kabla kiwanja kinachofuata hakijapimwa. Njia isiyochorwa huzibwa kwa uzio siku moja, na kuifungua huchukua miaka ya kesi.

Kwa wanaodhani bahari husamehe, tuna Maziwe. Kisiwa kile kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, wakati kikiwa bado na mivinje yake na kasa wakipanda kutaga. Mivinje ikatoweka, bahari ikala mchanga, na leo maji yakijaa kisiwa chote kinazama. Yakitoka unaona fungu jeupe tu. Kasa bado wanakwenda, hawajaambiwa, na mayai yao huhamishiwa ufuoni Ushongo ili yasizamishwe. Sasa fikirini: ufuo huohuo ndio unaotafutwa na wajenzi wa hoteli. Kasa wachanga wakitoka mchangani usiku hufuata mwanga, na mwanga wanaopaswa kuufuata ni ule wa upeo wa bahari. Mkiwasha taa kali nyuma yao watapanda bara na kufa. Hivyo giza la Ushongo si dalili ya kuchelewa kwa maendeleo. Liwekeni kwenye masharti ya vibali, pamoja na muziki. Mgeni anayekuja huku hakuja kutafuta disko, na anayelitafuta Dar es Salaam inalo.

Nimebakiza mto wenyewe. Maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanapita bwawa la Nyumba ya Mungu, yanazungusha mitambo ya umeme Hale na New Pangani Falls, yanamwagilia mashamba ya watu wengi njiani, na kinachobaki ndicho kinachotufikia sisi. Maji matamu yakipungua, ya chumvi yanapanda juu mtoni. Wenye mashamba na minazi kandokando ya mto wanalijua hilo kwa kutazama majani. Ofisi za Bodi ya Maji Bonde la Pangani ziko Moshi, karibu na chemchemi. Mdomo uko huku. Mnapokwenda kwenye vikao vya bonde, msiende kama wageni waalikwa. Ulizeni ni kiasi gani cha maji kimetengwa kufika baharini, kwa kuwa na mikoko, na kamba, na sisi, tumo kwenye hesabu hiyo.

Nimalizie kwa jambo ambalo halihitaji bajeti ya Dodoma. Andaeni ramani moja kubwa ya mji na kingo zote mbili za mto, kwa Kiswahili, ibandikwe kwenye ofisi za kata Pangani Mashariki, Pangani Magharibi na Bweni. Ionyeshe gati ya kivuko cha watu, mahali pa kushushia samaki na kutengenezea vyombo, njia za kwenda ufuoni, na majengo yanayolindwa. Kisha muitishe mikutano miwili ya hadhara, mmoja mjini na mwingine Bweni, maana watu wa ng'ambo wamechoka kuvuka ili kusikilizwa. Iwe Ijumaa baada ya swala, siku ambayo vyombo vingi havitoki na wavuvi wako nchi kavu. Njooni na kalamu, kila pingamizi liandikwe na jina la ofisi itakayolijibu, na majibu yabandikwe pembeni ya ramani ileile kabla utepe wa daraja haujakatwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Pangani Mashariki